Gego langu, onlei, na pesa nilizozimwaga njiani

Kokoto lenyewe lilikuwa dogo kuliko kifungo cha shati. Nilikuwa nakula wali maharage kwa mama ntilie, Sinza, mchana mmoja wa Februari 2023, mara nikasikia ta! katikati ya kichwa. Nikatemea kiganjani. Kulikuwa na maharage, kokoto, na kipande cheupe chenye ncha, upande mmoja kimeingia weusi. Nikadhani ni mfupa uliopotea njia. Ulimi ndio ulionipa habari: gego la chini kulia lilikuwa limepoteza ukuta wa upande wa ndani, na kingo yake imekuwa kali kama kopo la maziwa lililofunguliwa kwa kisu.

Mimi ni fundi cherehani. Nilikifunga kile kipande kwenye karatasi, nikakitia kwenye kopo langu la vifungo, nikarudi kumalizia gauni la watu. Jino halikuuma hata kidogo. Lingeuma siku ile ningekwenda hospitali siku ileile, na simulizi hii ya onlei, yaani kipande cha kufunika jino lililovunjika, ingekuwa fupi na ya bei nafuu zaidi.

Nirudi nyuma kidogo. Nimekulia Arumeru, chini ya Mlima Meru, kwenye maji yenye floridi nyingi. Wanaotoka huko wanajua: meno yetu yana rangi ya chai, mengine yana vidoa kama yamechorwa. Shirika la Afya Duniani linashauri floridi kwenye maji ya kunywa isizidi miligramu 1.5 kwa lita, na pale Ngurdoto kuna kituo kinachochuja floridi kwa kutumia mkaa wa mifupa ya ng'ombe. Sisi tulikunywa ya mfereji tu, na ndizi tukazipikia magadi, nayo ina floridi yake. Nikiwa na miaka kumi na minne gego hilo lilitoboka, likazibwa kwa ile dawa ya kijivu, amalgamu, mchanganyiko wa zebaki, fedha, bati na shaba. Ilikaa miaka ishirini na mitatu. Siilaumu, imefanya kazi yake. Ila baadaye nilielezwa kitu ambacho hakuna aliyewahi kuniambia: amalgamu haishikamani na jino. Inashikiliwa na umbo la shimo, shimo huchimbwa liwe pana chini kuliko mdomoni, kama chungu. Kila unapotafuna, kuta za kile chungu zinasukumwa kidogo. Miaka inakwenda, ufa unajichora chinichini, siku moja kokoto linamalizia.

Nilikaa na jino lililovunjika miezi mitano.

Mwezi wa kwanza na wa pili nilikuwa natafunia kushoto, basi. Wa tatu maji baridi yakaanza kunipiga. Halafu ikaja ile hali ya ajabu: nikiuma kitu kigumu siumii, nikiachia ndipo inanichoma kama sindano imepita kwenye kidole. Kama na wewe unaumia wakati wa kuachia na si wakati wa kuuma, usingoje. Hiyo mara nyingi ni dalili ya jino lenye ufa, na ufa ukishuka mpaka kwenye mzizi huwa hakuna fundi.

Usiku mmoja wa Julai nilisaga aspirini, nikaibandika kwenye fizi kando ya jino. Asubuhi fizi ilikuwa nyeupe, inachubuka kama ngozi ya maziwa yaliyochemka. Aspirini ni asidi, ukiibandika inaunguza. Kidonge cha maumivu kinamezwa, hakipakwi. Jirani yangu mmoja, mama wa Kipemba, alinihurumia akaniletea kichupa cha mafuta ya karafuu. "Mwanangu, tia pamba kidogo tu." Hayo kweli yalituliza. Kumbuka kile kichupa, kitarudi.

Kliniki ya kwanza niliichagua kwa sababu ilikuwa karibu na kituo cha daladala. Kumwona daktari shilingi 10,000. Alimulika tochi, hakupiga picha, akaniambia naweza kung'oa kwa 30,000 au kuziba kwa 60,000. Nikaziba. Ilichukua nusu saa: dawa nyeupe ikasindiliwa, ikapigwa mwanga wa buluu, ikakwanguliwa. Nilitoka nimefurahi, nimejitazama kwenye kioo cha bajaji hadi dereva akacheka.

Wiki saba. Wiki saba na siku mbili, kwenye muhogo wa kukaanga, kizibo kikatoka chote, kikaondoka na kipande kingine cha jino.

Sisemi yule daktari alikuwa mbaya. Mimi ndiye sikumuuliza chochote. Kama mteja angeniletea suruali iliyochanika kutoka pajani mpaka kwenye pindo, nikajaza uzi juu ya uzi badala ya kukata kitambaa na kupima kiraka, angenirudishia kwa hasira na ningestahili. Jino langu lilikuwa limechanika, mimi nikalipia kutiwa uzi.

Daktari wa pili nilielekezwa na mteja wangu. Ni binti, kwa umri ni kama mdogo wangu wa mwisho, lakini alinikalisha akaanza kuuliza maswali kabla hajaniambia fungua mdomo. Linauma lini, kwa moto au kwa baridi, maumivu yanakaa muda gani? Akapiga picha ya eksirei, akaigeuza skrini upande wangu. Halafu akachukua pamba iliyopuliziwa dawa ya barafu akaigusisha kwenye jino. Nikaruka. Akahesabu. Sekunde chache maumivu yakaisha. "Vizuri dada, mshipa bado mzima. Yangekaa dakika nzima tungekuwa na mazungumzo mengine."

Akachukua kalamu akachora gego kama sahani yenye kuta nne. "Umebakiwa na kuta mbili na nusu." Na hapo ndipo nilipofundishwa hesabu ambayo naona kila mtu angepaswa kuijua kabla ya kukaa kwenye kile kiti. Shimo dogo, kuta zote zipo: ziba kawaida. Shimo pana lakini kuta zote nne zimesimama imara: inaweza kufaa inlei, yaani kipande kinachotengenezwa nje ya mdomo kwa vipimo vya shimo lako, kisha kinapachikwa ndani na kugandishwa. Ukuta mmoja au zaidi umeanguka au una ufa: onlei, kipande kilekile lakini kinapanda juu na kufunika vilele vya jino, ili unapotafuna uzito usiupasue ukuta uliobaki. Jino limeliwa pande zote: krauni, kofia nzima, na ili ikae inabidi jino lichongwe kuzunguka kote, hata sehemu nzima. Mshipa umekufa: kwanza tiba ya mzizi, ndipo ufikirie kufunika.

"Mbona usinizibie tena tu?" Nilimuuliza hivyo, nikifikiria kodi ya chumba.

Akajibu kwamba ile dawa nyeupe husinyaa kidogo inapoganda. Kwenye shimo dogo si neno. Kwenye shimo kubwa kama langu inavuta kuta au inaachia pembeni, na anaijenga ndani ya mdomo wenye mate na ulimi unaohangaika. Kipande cha maabara kimeshamaliza kusinyaa kabla hakijaingia mdomoni.

Nikaelewa mara moja. Ni tofauti ya kushona nguo mtu akiwa ameivaa na kuishona mezani.

Sasa bei. Ni za kliniki ile, Dar es Salaam, mwaka ule, usinishikie bango. Kumwona 20,000. Picha 15,000. Onlei ya kauri 550,000. Onlei ya dawa nyeupe iliyopikwa maabara 280,000, ila kwa mtu anayesaga meno kama mimi alihofia italika mapema. Krauni 600,000. Kung'oa 40,000, na pengo nalo lina gharama yake: majirani wa jino huanza kuegemea, la juu hushuka kutafuta mwenzake. Dhahabu alinitajia kwa heshima, kwamba bado ni nzuri sana kwa magego kwa sababu haivunjiki na haimmalizi jirani wa juu, lakini tulicheka wote wawili. Akanisimulia kwamba mwaka 1907 daktari mmoja Mmarekani, William Taggart, aliwaonyesha wenzake jinsi ya kutengeneza inlei: unaunda umbo kwa nta, unalizika kwenye plasta, unaiyeyusha nta, unamimina dhahabu mahali pake. Mambo ya masonara kabisa.

Bima yangu ilikuwa inalipia kung'oa na kuziba. Onlei ikaiita urembo. Gego la nyuma kabisa, ambalo hata mume wangu hajawahi kuliona, urembo! Nilikaa na ile karatasi yao kwenye daladala nikiisoma mara tatu. Ninachoshauri: peleka maombi ya kibali kabla ya matibabu, pamoja na picha ya eksirei na barua ya daktari. Mimi nilikataliwa, lakini nilikataliwa mapema, nikajua najipanga vipi. Kliniki ilikubali nilipe nusu ya pesa siku ya vipimo na nusu nyingine siku ya kubandika. Uliza hilo, wengi hawatangazi.

Siku ya kwanza nilitumia saa moja na dakika arobaini kwenye kiti. Kabla ya kitu chochote alinipeleka dirishani, akanifuta rangi ya mdomo, akashika kile kishada cha vijino vya rangi mbalimbali kama kadi yangu ya nyuzi. Rangi huchaguliwa mwanzo kwa sababu jino likikaa wazi likakauka huwa jeupe kuliko lilivyo. Na mimi na chai yangu ya Meru! Akaniuliza kama nataka fundi wa maabara aige na vile vidoa. Nikasema gego la nyuma halina wageni, chukua rangi ya msingi tu, vidoa viache. Sikujutia.

Ganzi ya taya la chini inaingia nyuma kabisa, inauma sekunde tano hivi, kisha nusu ya mdomo na ulimi vinakufa. Keekee ikaanza. Kuumia sikuumia, kilichonisumbua ni harufu, kama pembe iliyounguzwa, na ile sauti inayopita kwenye fuvu. Mabaki ya amalgamu yalipotoka akasimama, akanipa kioo. Chini yake kulikuwa na weusi, na mstari mwembamba wa kahawia ukipita chini ya ukuta mmoja kati ya zile mbili nilizokuwa najivunia. Akauchonga na huo ukapungua. Kwa hiyo onlei yangu inafunika vilele vitatu, si viwili tulivyoandikiana. Bei haikubadilika, lakini ni swali la kuuliza mapema: ukikuta mabaya zaidi ndani, tunafanyaje na inakuwa shilingi ngapi?

Kipimo kilichukuliwa kwa sinia dogo lililojaa kitu kama unga wa chapati wa rangi ya zambarau. Unakaa nalo mdomoni dakika kadhaa, mate yanashuka, koo linataka kurudisha. Pumulia puani, inamisha kichwa mbele, nyanyua mguu mmoja hewani uushikilie. Usinicheke, ule mguu unasaidia, akili inahamia huko. Zipo kliniki zenye kamera ya kupima na mashine ya kuchonga kauri papo hapo, teknolojia iliyoanza kwa wagonjwa Zurich mwaka 1985, na huko mtu anamaliza kwa siku moja. Kwangu ilikuwa kungoja siku kumi, na kizibo cha muda juu ya jino.

Kosa langu kubwa kuliko yote linaanzia hapa.

Aliniambia: usitafunie kulia, usile kitu cha kunata, na uzi wa meno ukishaupitisha uutolee pembeni, usiunyanyue juu. Siku ya sita nilikuwa kwenye sherehe ya kumkabidhi mteja sare za harusi, wakanitilia kashata ya karanga mkononi. Nikaila. Kizibo cha muda kikatoka na kashata.

Nilipaswa kupiga simu saa ileile. Nilichofanya ni kukaa siku tatu kwa aibu, kama mtoto aliyevunja kikombe. Jino lililochongwa ni jino lililo uchi: hata hewa ya bodaboda ilikuwa inanipenya. Basi usiku wa pili nikakitafuta kile kichupa cha Mpemba, nikalowesha pamba, nikaijaza kwenye shimo. Raha ikaja. Nikalala.

Nilipofika kliniki daktari aliinama, akanusa, akainuka.

"Dada, umeweka karafuu?"

Nikajua kutoka kwenye ile "dada" kwamba nimeharibu. Kinachotuliza kwenye karafuu kinaitwa eujeno. Madaktari wenyewe wanakitumia miaka mingi, ile harufu ya kliniki ya meno ambayo unaifahamu tangu utotoni ndiyo hiyo, hutiwa kwenye saruji ya muda. Lakini eujeno inazuia gundi za kisasa za resini zisigande sawasawa. Onlei ya kauri inategemea ile gundi kwa kila kitu. Ndiyo maana kizibo changu cha muda alikuwa amekibandika kwa saruji isiyo na eujeno, na mimi nikaja kuimimina yenyewe safi kutoka Pemba.

Juu ya hilo fizi ilikuwa imevimba na kuingia kwenye ukingo wa jino, inavuja damu kila ikiguswa, na gundi haipendi damu wala mate. Onlei ilikuwa tayari, iko kwenye kikasha chake, nzuri kama ganda la kauri, nikaoneshwa na ikarudishwa kabatini. Akalisafisha jino, akaweka kizibo kingine cha muda kwa 20,000, akanipa siku kumi nyingine na maji ya chumvi ya kusukutua. Nilirudi Sinza kwa miguu sehemu ya njia, kwa hasira za kujitakia.

Siku ya kubandika ilikuwa ya utulivu. Akaijaribu kwanza bila gundi, akaniambia usiume, kwa sababu kauri isiyobandikwa inaweza kuvunjika, ikishaganda na jino ndipo inapata nguvu. Wewe ushajua mimi mtu wa kitambaa: nilimuuliza kama naweza kuishika. Ilikuwa nyepesi, upande wa juu ina mabonde na vilele vya gego halisi, upande wa chini haing'ai, imekwaruzwa ili gundi ipate pa kushika. Halafu jino langu likachomozwa kwenye tundu la shuka la mpira, mdomo mwingine wote ukabaki chini ya shuka. Hilo shuka wengi wanalichukia. Mimi nililipenda, maji hayashuki kooni. Akapaka asidi ya buluu, akaiacha muda mrefu kuliko kawaida kwa sababu, alisema, ngozi ya nje ya meno yenye floridi nyingi ni ngumu kuliwa na asidi. Akasuuza, akakausha, gundi, saruji, kipande kikakaa. Mwanga wa buluu upande huu, upande ule, juu. Akapitisha uzi kati ya meno kutoa mabaki, akaniumisha karatasi ya rangi, akachonga pale palipogusa zaidi.

Lakini nilikuwa na ganzi. Mtu mwenye ganzi hajui anaumaje. Jioni ganzi ilipoisha nikagundua lile gego linatangulia kufika kabla ya mengine, unywele mmoja tu wa tofauti, na kila nikiuma linauma. Nadhani mnakisia: nikakaa siku nne nikiogopa kuonekana msumbufu. Niliporudi ilimchukua dakika saba na hakunitoza hata senti. Baridi iliendelea kunigusa kama wiki tatu, ikififia, mpaka siku moja nikanywa maji ya friji na kukumbuka baadaye kwamba sikukumbuka.

Jumla nilitumia 675,000, ukiacha nauli na siku tatu za kazi. Humo ndani 70,000 ni za kliniki ya kwanza na 20,000 ni za kashata. Na kama kile kizibo cha kijivu kingepigwa picha miaka michache kabla ya kokoto, kuta zikiwa bado zimesimama, pengine ningeongelea inlei ndogo au kuziba tu.

Mama yangu alipiga simu kutoka nyumbani wiki ileile. "Umeshaling'oa?" Nikamwambia hapana, nimelitengeneza. Akanyamaza kidogo. "Kwani siku hizi yanatengenezwa?" Yeye ana magego mawili yaliyobaki, na hakuna hata mara moja aliyoulizwa kama angependa jambo lingine zaidi ya kung'oa.

Natafunia kulia sasa. Usiku napitisha uzi kuzunguka ukingo wa onlei, maana kauri haiozi lakini jino linaloishikilia linaoza kama kawaida. Daktari anataka nivae plastiki ya usiku ya kuzuia kusaga meno, 120,000, na bado sijainunua. Uzi wa cherehani siukati tena kwa meno, au tuseme siukati nikikumbuka.

Upande wa kushoto ninacho kizibo kingine cha kijivu, cha mwaka uleule. Daktari keshanipigia picha. Kuta tatu nzima, ya nne ina ufa. Nimeanza kuweka elfu ishirini kila Jumamosi kwenye kopo la vifungo, juu ya kile kipande changu kilichofungwa kwenye karatasi.